Kabla ya hela, tafuteni makaratasi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Watanzania wa Marekani wanaotoka kwenye viza ya kazi ya H-1B na kuomba ukaazi wa kudumu kwa uwekezaji, yaani EB-5, ilieleza bei vizuri: dola 800,000 kwa mradi wa vijijini au penye uhaba mkubwa wa ajira, dola 1,050,000 kwingineko, na sharti la kuzalisha ajira 10. Mimi nimepita humo. Kilichonitoa jasho ni makaratasi.

Hela yangu ilikuwa zawadi ya baba, alipouza nyumba yake ya Kariakoo. Zawadi inaruhusiwa, ila Uhamiaji wa Marekani wanataka kujua na aliyekupa alizipata wapi. Baba aliinunua nyumba ile mwaka 1987 kwa fedha taslimu. Mkataba wenyewe ni karatasi moja ya daftari, wino umefifia, mashahidi wawili, mmoja kaweka dole gumba. Muuzaji alishafariki. Dada yangu alihangaika miezi mitano hadi akampata mtoto wa marehemu huko Tanga, akala kiapo kwa wakili. Leseni za duka la baba na risiti za kodi ya majengo nazo zikatafsiriwa zote kwa Kiingereza.

Katikati ya hekaheka hiyo, wakala mmoja aliniapia kwamba mtaji wangu ungerudi wote, na faida juu. Nilibakiza kusaini tu. Sheria inataka mtaji uwe kwenye hatari ya kupotea kweli. Ahadi ya kurudishiwa ingeliangusha ombi langu.

Tangu sheria ya Machi 2022, aliyeko Marekani kihalali, kama nchi yake haina foleni ya viza hizo, anaweza kuwasilisha ombi la uwekezaji na la ukaazi kwa pamoja, kisha akaomba kibali cha kufanya kazi popote akisubiri. Ni nafuu kubwa. Lakini mwenye H-1B akiachishwa kazi ana siku zisizozidi 60 tu za kuendelea kukaa kihalali, na siku 60 hazitoshi kumsaka shahidi wa mauziano ya 1987.

Naomba mliandike hili kwa kirefu. Vijana wenye wazazi hai wakae nao sasa, wapige picha kila mkataba na waulize majina. Baba ana miaka 81. Jina la yule wa dole gumba alilikumbuka yeye peke yake.

Msomaji wenu,
Houston, Texas