Umeme wa nyumba ya mama

Shangani, Mtwara

Mpenzi Somoe,

Assalaam alaikum. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, na korosho za shambani zimeanza kutoa maua. Barua yako nimeisoma, na lile uliloniuliza, kama uanze kulipia mwenyewe umeme na maji ya nyumba ya mama yako pale Mtanda, Lindi, nataka nikujibu vizuri.

Nakuunga mkono. Umeme na maji ya mama lipia mwenyewe kutoka akaunti yako ya benki, ukiwa hapo hapo Newala. Utaratibu wenu wa sasa unakula hela bure: unamtumia mpwa wako pesa, unakatwa, anakwenda kuitoa kwa wakala, anakatwa tena, na siku hiyo akipata abiria wa bodaboda wa kwenda Mingoyo, mama analala giza. Simlaumu kijana, naye anatafuta riziki.

Chukua namba ya mita uihifadhi kwenye simu. Ukishaiingiza kwenye programu ya benki pamoja na kiasi, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Mita ile nadhani bado ina jina la marehemu baba, kwa hiyo likitokea lake usishtuke. Lakini likija jina usilolijua, acha hapo hapo. Kwa maji ni vivyo hivyo: ankara ina kontroo namba, yaani namba ya malipo, na ukiiandika unaonyeshwa anayedaiwa na anadaiwa kiasi gani. King'amuzi hakina maneno mengi, utakiona kwenye menyu hiyo hiyo.

Mtandao ukigoma katikati, usirudie kulipa. Angalia salio kwanza. Mara nyingi pesa imeshatoka na tokeni, zile tarakimu za kuingiza kwenye mita, iko njiani. Ujifunze pia kulipa kwa menyu ya nyota, ile ya kupiga namba inayoanza na nyota, maana haili bando. Unakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikalala nchi nzima? Wenye programu peke yake walihangaika.

Uniti zikija pungufu, usidhani umeibiwa. Soma risiti mpaka mwisho: kuna VAT, kuna tozo ya REA ya umeme vijijini, kuna ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, na tangu Agosti 2021 kuna kodi ya majengo, ambayo kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu Julai 2023. Miezi ambayo hamkununua inajumlishwa, ndiyo maana mtu anaweza kulipia elfu tano akapata uniti za kuhesabu kwa vidole. Na hapa, Somoe, kuna haki ya mama. Ameshapita miaka 60, na sheria inamsamehe mzee kodi ya nyumba moja anayoishi mwenyewe. Msamaha huo hauji wenyewe, huombwa. Ukienda Lindi likizo hii, ulizia ofisi inayoshughulikia kodi ya majengo, ubebe na kitambulisho chake.

Sasa lile linalonigusa zaidi. Mama ameiendesha nyumba ile tangu baba afariki. Risiti zake anazitia kwenye kopo la maziwa, na kila mwezi anajua amelipa nini. Wewe ukianza kulipa kimyakimya kutoka mbali, taa zitawaka, ndiyo, lakini yeye atakuwa kama mgeni kwake. Kwa hiyo tokeni usimpe mpwa wako akaiingize. Mpigie mama, umsomee tarakimu zile 20 nne nne, abonyeze mwenyewe. Kwa mama yangu hapa nafanya hivyo. Huvaa miwani, husimama kwenye kiti kidogo, kila nne huzirudia kwa sauti, na mita ikikubali huniambia uniti ngapi zimeingia kabla sijamuuliza. Hapo ndipo humwambia na bei, akaandika kwenye daftari lake.

Umwambie pia kwamba benki haitampigia kamwe kumwomba namba ya siri, na kwamba ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ni wa matapeli, hata ukija saa ile ile anayosubiri pesa yako. Wazee wetu wanaibiwa hivyo kila siku, na roho inaniuma.

Ukishaipata namba ya mita, jaribu na kiasi kidogo kwanza, halafu nipigie jioni baada ya Isha tuisome risiti pamoja. Nisalimie walimu wenzako, na mama umwambie nitapita Mtanda nikienda Kilwa.

Wasalaam,
Rafiki yako, Hadija