Leptini si jeni ya unene

Mhariri,

Makala yenu ya afya iliyoiita leptini “jeni ya unene” imeligeuza jambo juu chini. Jeni hiyo ni maelekezo ya kutengeneza leptini, homoni inayosafiri katika damu, na kazi yake ni kuujulisha ubongo akiba ya mafuta imebaki kiasi gani, na ubongo hushtuka zaidi akiba inapopungua kuliko inapozidi.

Seli za mafuta za panya huitumia jeni hiyo, iliyoko kwenye kromosomu ya 6, kutengeneza protini ya leptini, mnyororo wa asidi amino (vipande vinavyojenga protini) 167. Zile 21 za mwanzo hukatwa, na 146 zilizobaki huingia kwenye damu. Panya wanene kupindukia waliojitokeza mwaka 1949 katika maabara ya Jackson, Bar Harbor, Marekani, wana herufi moja tu ya DNA iliyobadilika: penye asidi amino ya 105 pamekaa amri ya kusimama, na protini inakatikia njiani. Ubongo usipopata habari huona mwili umeishiwa kabisa. Panya hashibi, joto lake linashuka, hazai, na uzito wake unaweza kufika mara tatu ya wenzake. Hata akipimiwa chakula sawasawa na panya mzima (asiye na kasoro hiyo), bado atamzidi mafuta, kwa sababu anatumia nishati kidogo. Kumwita mlafi, kama makala ilivyofanya, ni kumwonea.

Douglas Coleman, mtafiti wa maabara hiyohiyo ya Jackson, aliligundua hili jeni ikiwa bado haijulikani. Aliwashona panya wawili wawili ubavuni ili damu zao zichanganyike. Asiye na leptini akiunganishwa na mzima, alipunguza kula. Akiunganishwa na panya wa aina nyingine, asiye na kipokezi cha leptini (protini ya seli inayoipokea habari yake) lakini mwenye leptini tele katika damu, aliacha kula hadi akafa njaa. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1994, na Jeffrey Friedman na wenzake.

Kwa wanaofundisha somo hili maabara: panya hawa ni tasa, hivyo huzalishwa kwa kupandisha wabebaji wawili (wenye nakala moja nzima na moja yenye kasoro), na robo ya watoto ndio huwa wanene. Kabla ya wiki nne hivi macho hayatoshi kuwatambua, pima DNA. Usimlinganishe na panya wa ukoo mwingine, mlinganishe na ndugu zake wa uzao mmoja. Angalia pia joto la chumba. Nyuzi 22 ni baridi kwa panya, ambaye hutulia karibu na 30, na huyu hawezi kujipasha vizuri. Tena, panya hula zaidi usiku, kwa hiyo kumnyima chakula usiku kucha si mfungo mdogo: leptini ya panya mzima huporomoka, na vipimo vyako vitakuwa vya njaa.

Kuhusu vidonge vya leptini mlivyovisifu: leptini ni protini, na tumbo huimeng'enya kama nyama. Hutolewa kwa sindano, nayo huwafaa wachache waliozaliwa bila leptini au wasio na mafuta mwilini kwa sababu ya ugonjwa. Watu wanene walio wengi tayari wana leptini nyingi katika damu. Ubongo wao ndio hauitikii.

Mwalimu wa fiziolojia,
Morogoro