Barua ya wazi kwa vijana wa Dodoma mnaotaka urubani

Wajukuu zangu wa Bahi, Kongwa, Mpwapwa na mjini,

Nawasalimu, ingawa leo nina hasira.

Majuzi mzee mwenzangu wa Bahi alipeleka ng'ombe mnadani Msalato, fedha yote akamkabidhi wakala iwe karo ya urubani ya mwanawe. Wakala akatoa risiti, fulana, na picha ya kijana amevishwa tepe mabegani. Cheti cha afya? "Kitafuata." Kilichofuata ni kipimo. Daktari alifungua kitabu cha vidoti vya rangi, akauliza, "Hapa unasoma namba gani?" Kijana akakodoa macho wee, haoni namba, anaona vidoti tu. Wakala sasa hapokei simu.

Daktari hakumwonea. Rubani akitua hutazama taa nne kando ya njia ya kurukia: mbili nyeupe na mbili nyekundu, anashuka vizuri, zote nyekundu, yuko chini mno. Usiyeona tofauti ya rangi utajuaje? Aliyemwonea ni yule aliyekula karo kabla ya vipimo. Anzeni kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, mpimwe afya ya daraja la kwanza, ile ya marubani wa biashara: macho, masikio, moyo. Miwani si kikwazo, ilimradi ukiivaa unaona inavyotakiwa. Ukifaulu, ndipo baba aguse zizi.

Na sisi wazazi tumezidi! Mbuzi wa elfu themanini tunamfunua mdomo tukague meno, lakini mamilioni tunampa mtu mwenye tai ambaye hata ofisi yake hatuijui. Kisa picha ya sare, tukawaringishie majirani.

Mengine nayataja tu. Leseni ya rubani wa biashara huanzia miaka 18. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni saa 200 za kuruka, au 150 kwa kozi kamili iliyoidhinishwa. Leseni ya juu, ya unahodha wa ndege kubwa, inataka saa 1,500. Kiingereza kisipungue ngazi ya 4 ya vipimo vya ICAO. Fizikia na hesabu msizikimbie. Hata ukishapata leseni, bado kuna mafunzo ya aina ya ndege utakayorusha, nayo ni ghali; ulizeni mapema nani atalipa.

Nawe mjukuu wangu wa Bahi, usijifungie ndani kwa aibu. Mlete baba yako na risiti zote Jumatatu asubuhi, twende polisi pamoja.

Babu yenu, Dodoma