Risala ya Wahitimu wa Ufundi wa Magari na Pikipiki kwa Mgeni Rasmi, Arusha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu na wafanyakazi wote,
Wazazi na walezi wetu,
Wahitimu wenzetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha siku ya leo. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu wakati tunajua msimu wa watalii umeanza na karakana yako imejaa magari yanayosubiri kwenda porini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, idadi ya wahitimu na masomo waliyosoma vipo kwenye ratiba uliyokabidhiwa mlangoni. Tunaomba ruhusa yako tusivisome tena. Nafasi hii tungependa kuitumia kukueleza kazi moja, ile mashine nyekundu ya magurudumu matatu iliyoegeshwa karibu na mlingoti wa bendera. Tumewasikia baadhi ya wazazi wakiiita bajaji isiyo na paa. Si bajaji, wala si guta la kubebea mchanga. Ni Honda ATC250R ya mwaka 1985, injini ya mipigo miwili inayopozwa kwa maji, iliyoundwa kwa ajili ya kukimbia kwenye mchanga na mashamba. Ilikaa ghalani kwenye shamba la kahawa hadi panya wakajenga ndani ya kiti, na mwenye shamba akaona heri awape wanafunzi kuliko kuiuza kwa kilo.

Injini haikutusumbua sana. Pistoni, ringi, gasketi, kabureta ikaoshwa, ikawaka. Kazi ilikuwa mbele. Bomba za shokapu zilikuwa zimeliwa na kutu na moja limepinda, na shokapu za mashine ya umri huo hazipo katika duka lolote la spea mjini hapa. Ndipo mwalimu wetu wa karakana alipotuletea jozi ya shokapu zilizopinduliwa kutoka kwenye pikipiki ya mbio za matopeni iliyokuwa imevunjika fremu.

Kwa wazazi ambao si mafundi: shokapu za kawaida za bodaboda zina bomba jembamba juu na nene chini. Hizi ni kinyume. Bomba nene linashikwa juu na usukani, na jembamba linateremka hadi kwenye ekseli. Pikipiki za mbio zilianza kuhamia mtindo huu mwishoni mwa miaka ya 1980, na sababu yake inaeleweka hata bila hesabu. Dereva akikamata breki, nguvu kubwa ya kupinda inatua pale shokapu inapoingia kwenye kishikio cha chini cha usukani. Ukiweka bomba nene mahali hapo, sehemu ya mbele haiyumbi.

Kuna watu walituambia tufungue za zamani, tufunge hizi, tumalize. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe ni mtu wa kazi hii na unajua kwamba haiko hivyo. Tairi la mbele la pikipiki ya mbio lina upana wa milimita 80 hivi. Tairi la mbele la mashine hii lina karibu inchi 8, yaani zaidi ya milimita 200. Halipiti katikati ya shokapu zile hata ukilitoa upepo. Kwa hiyo vishikio viwili vya usukani, cha juu na cha chini, ilibidi tuvitengeneze upya, vipana zaidi.

Mtaani tulishauriwa tuyeyushe aluminiamu chakavu na kuimimina kwenye mchanga, kama wanavyofanya mafundi wa masufuria. Mwalimu alikataa katakata, na sisi tunaona alikuwa sahihi. Chuma cha kumimina namna hiyo kina vitundu vya hewa ndani usivyoviona. Sufuria ikipasuka, maharage yanamwagika. Kishikio cha usukani kikipasuka, anayemwagika ni mtu. Tukanunua bamba zito la aluminiamu ya daraja la 6061 na kulipeleka kwenye mashine ya kuchonga.

Hapo ndipo tulipojifunza kupima. Bomba la nje la shokapu hizi si nene sawasawa. Kipenyo cha juu ni tofauti na cha chini, hivyo kila kishikio kina tundu la kipimo chake. Tundu likiwa kubwa kidogo, bomba linateleza. Likiwa dogo, au ukikaza bolti za kishikio cha chini kupita kiasi, bomba la nje linabonyea na la ndani linaanza kunata likipanda na kushuka. Fundi wa mtaani akiona shokapu inanata anabadilisha oili, kumbe ugonjwa uko kwenye spana yake. Mwenzetu mmoja, dada aliyeshika venia, kifaa cha kupimia vipenyo, kwa muda wote wa kazi hii, alikuwa akifuta tundu kwa kitambaa, anapima, anasubiri chuma kipoe, anapima tena, ndipo anamruhusu aliyeko kwenye mashine aguse kisu. Chuma cha moto kinadanganya kipimo, naye hakukubali kudanganywa.

Shafti ya usukani tuliichukua kwenye kishikio cha zamani, ili beringi za fremu zibaki zile zile. Kuiingiza kwenye kishikio kipya tuliazima oveni ya mikate ya kantini na friza yao ya soda. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida, kwa hiyo kishikio kilikaa ovenini na shafti ikalala kwenye friza, kisha vikakutanishwa chini ya presi. Tunawashukuru mama zetu wa kantini, ambao mpaka leo wanatuuliza kama mikate yao haina harufu ya grisi.

Ekseli ya shokapu mpya ni nene, milimita 20, wakati habu, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa na beringi za 6302 zenye tundu la milimita 15. Hatukuikereza habu. Beringi ya 6004 ina tundu la milimita 20 na kipenyo cha nje ni kile kile cha milimita 42. Pungufu yake ni unene, milimita 12 badala ya 13, na pengo hilo tulilijaza kwa spesa, pete ya kujazia nafasi. Jambo dogo hili linatupendeza kuliko mengine yote, maana lilimalizwa na kitabu cha beringi bila hata cheche moja ya kuchomelea.

Urefu nao ulitutesa. Shokapu za pikipiki ya mbio husafiri kama milimita 300, na hiyo ni nyingi kwa mashine hii. Tulizifungua, tukaweka bushi ya nailoni ndani kwenye fimbo ya kati ili zisinyooke zote, zikabaki na safari ya milimita 250. Kisha tukatoa springi, tukashusha mbele kwa jeki hadi mwisho, huku donge la udongo limebandikwa juu ya tairi kuona kama litagusa kishikio cha chini. Kwa kamba na timazi tulitafuta mahali ambapo mstari wa shafti ya usukani unagonga sakafu, na umbali wake hadi pale tairi linapokanyaga. Umbali huo ukipotea, usukani unakuwa mwepesi na kuanza kutetemeka kwenye mwendo. Stopa za usukani pia zilisogezwa, kwa sababu bomba nene zilikuwa zinagonga tangi la mafuta kwenye kona kali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatutaki mtu aondoke hapa akidhani tumeifanya mashine hii kuwa salama. Ekseli yake ya nyuma ni moja kwa moja, haina difu ya kuruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti kwenye kona, na mbele ina gurudumu moja. Dereva anayekata kona bila kuegemea vizuri inampindua, na anayeshusha mguu chini unakanyagwa na tairi lake mwenyewe la nyuma. Kule Marekani watu wengi waliumia, wakiwemo watoto, hadi mwaka 1988 kampuni zilizokuwa zikiziuza zikaingia makubaliano na serikali ya kuacha kuuza mpya. Shokapu nzuri haiondoi hilo. Mashine hii itabaki ndani ya uzio wa chuo kama kifaa cha kufundishia.

Sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje, ndizo zitakazotupa kazi. Kwenye shokapu zilizopinduliwa sili ziko chini, karibu na tairi, na vumbi la Arusha unalijua, Mheshimiwa, hasa Agosti. Ikipasuka, oili haibaki ndani. Inateremka yote hadi kwenye diski ya breki. Maduka ya spea za bodaboda hayauzi sili za kipenyo hiki. Kwa sasa tumevalisha mikono ya turubai na tunafuta bomba kila jioni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mji huu unakata Land Cruiser katikati, unairefusha, unaiwekea paa la kunyanyuka, na mgeni kutoka Ulaya anapanda bila kujua fremu iliguswa. Kazi hiyo inafanyika katika karakana kama yako. Sisi tuna mikono na tuna walimu, lakini chuo hakina mashine ya kukereza. Matundu uliyosikia tukiyasimulia yalichongwa kwa kukodi, usiku, baada ya wateja wenye fedha kuondoka. Hatuombi mashine mpya. Ya zamani iliyolala, hata yenye meno yaliyolika, tutaifufua wenyewe. Wilayani Hai, mkoa jirani wa Kilimanjaro, kuna kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kilichojengwa kwa ajili ya mashine za aina hii, na ushauri hautatupiga chenga.

Ombi la pili ni nafasi za mafunzo kwa vitendo kwenye karakana yako kwa wenzetu wa mwaka wa kwanza. Wapokee hata kama mwanzoni kazi yao itakuwa kufagia, ilimradi wawe karibu na anayepima.

Baada ya chakula tunakukaribisha uione mashine, uikague na ututajie kasoro. Ukitaka kuipanda, helmeti ipo juu ya kiti. Mwalimu wetu wa karakana ametuagiza tukwambie mapema kwamba kwenye suala la helmeti hamjui mgeni rasmi.

Tunaomba kuwasilisha.