Somo, anza na kiti

Mombasa

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako nimeipata. Kumbe wamekutwika wewe, Mwanglikana, uzungumze juu ya Papa mbele ya Wakatoliki katika Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo! Kazi yenyewe si ngumu hivyo, ila wengi hukwama pale pa kuanzia. Huanza na "Papa hakosei", na kabla ya dakika tano watu wameshagawanyika.

Wewe anza na tarehe. Juma hilo ni 18 hadi 25 Januari, na aliyelianzisha mwaka 1908, Paul Wattson, alikuwa padre wa Kianglikana huko Marekani. Alichagua tarehe 18 kwa kuwa kalenda ya Roma wakati ule iliadhimisha siku hiyo Kiti cha Mtume Petro, na tarehe 25 ni Kuongoka kwa Mtume Paulo. (Mwaka uliofuata yeye na jumuiya yake wakaingia Ukatoliki. Hilo utalitaja au utalinyamazia, kwa kadiri utakavyousoma uso wa kasisi wenu.)

Basi kiti. Kila askofu ana kiti chake, kathedra, na kanisa lenye kiti hicho ndilo katedrali. Hapa kwetu chetu kiko Holy Ghost na chenu Memorial, barabara ni ile ile moja ya Nkrumah. Cha Papa kiko Roma, katika basilika la Laterano. Wengi hudhani ni la Mtakatifu Petro, na hilo ndilo kosa la kwanza utakalosahihisha. Papa ni Askofu wa Roma kwanza. Mengine yote aliyo nayo yanatokana na hilo, kwa sababu Wakatoliki wanaamini kwamba anayekaa katika kiti hicho anarithi huduma aliyopewa Petro: funguo katika Mathayo 16, kuwaimarisha ndugu zake katika Luka 22, kulisha kondoo katika Yohana 21. Soma zote tatu. Wahubiri hushika ya Mathayo peke yake, na ile ya Luka, ambayo ndani yake Petro anatabiriwa kumkana Bwana, ndiyo inayosema kweli zaidi juu ya cheo hiki.

Neno lenyewe lina mtego wake mjini kwetu: ukisema "papa" tu, kuna atakayewaza mchuzi wa nazi. Waambie linatokana na neno la Kigiriki la "baba", na kwamba Askofu wa Aleksandria alikuwa akiitwa hivyo tangu karne ya 3. Hata leo Waorthodoksi (Wakristo wa Makanisa ya Mashariki) wa Kenya wako chini ya Papa na Patriaki wa Aleksandria na Afrika Yote, na Wakoptiki, Wakristo wa kale wa Misri, nao wana Papa wao.

Wakatoliki wakizungumza Kiswahili humwita Papa wa Roma pia Khalifa wa Mtume Petro. Litumie neno hilo, maana pwani hii kila mtu analielewa. Khalifa ni mrithi wa uongozi. Hapokei wahyi mpya. Na hivyo ndivyo Mtaguso wa Kwanza wa Vatikani, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulivyosema tarehe 18 Julai 1870, katika hati ile ile iliyotangaza kutokosea kwa Papa: Roho Mtakatifu hakuahidiwa kwa warithi wa Petro ili watangaze mafundisho mapya, bali wayalinde na kuyaeleza kwa uaminifu yaliyopokewa kwa Mitume.

Hapo sasa ndipo uguse kutokosea, na uguse kwa masharti yake. Lazima Papa awe anasema kama mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote. Awe anatumia mamlaka yake ya juu kabisa. Jambo liwe la imani au maadili. Na alitamke rasmi kwamba Kanisa zima linapaswa kulishika. Likikosekana moja, basi. Mahojiano ndani ya ndege hayamo. Homilia, mahubiri ya Misa, haimo. Hata waraka wa kitume, kwa kawaida, haumo, ingawa Mkatoliki anatakiwa kuupokea kwa heshima. Tangu 1870 masharti hayo yametimizwa waziwazi mara moja, 1 Novemba 1950, Pius XII alipotangaza Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Na kutokosea si kutotenda dhambi. Papa ana muungamishi wake kama mimi.

Ila mtaguso ule uliachwa njiani. Vita vya Ufaransa na Prussia vilizuka Julai hiyo hiyo, Septemba jeshi la Italia likaingia Roma, na maaskofu wakatawanyika kabla ya kumaliza kujadili nafasi yao wenyewe. Fikiria nyumba iliyojengwa nguzo moja kisha fundi akaondoka. Kwa miaka tisini na kitu watu walitazama nguzo hiyo wakadhani ndiyo nyumba. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ndio uliorudi kujenga, kwa hati ya mwaka 1964: maaskofu wote, pamoja na Papa na kamwe si bila yeye, wana mamlaka juu ya Kanisa zima. Huo ndio urika wa maaskofu. Hati hiyo imetamka wazi kwamba askofu asihesabiwe kuwa wakili wa Papa. Kwa hiyo ukisikia Askofu Mkuu wa Mombasa akizungumzwa kama meneja wa tawi, sahihisha.

Lakini usiwapake Waanglikana mafuta kwa mgongo wa chupa. Papa anao uwezo kisheria wa kuingilia jimbo lolote moja kwa moja, na ndiye anayeteua. Balozi wake Nairobi huulizia kwa siri, hupeleka majina matatu, na kwa nchi kama yetu majina hupitia idara ya Uinjilishaji huko Vatikani. Kwenu sinodi, yaani mkutano wa dayosisi wa mapadre na walei, ina sauti katika kumpata askofu. Mgogoro wenyewe uko hapo, zaidi ya kuuliza kama Petro alikuwa wa kwanza. Waorthodoksi wengi hukubali kwamba Roma ilikuwa na nafasi ya kwanza. Wanauliza nafasi hiyo ilikuwa na nguvu gani.

Mfano mzuri ni wa Papa Viktori I, ambaye mapokeo yanasema alikuwa Mwafrika. Mnamo mwaka 190 alitaka kuyatenga makanisa ya Asia (sehemu ya Uturuki ya leo) kwa kuadhimisha Pasaka siku tofauti na Roma. Ireneo wa Lyon, aliyekubaliana naye juu ya tarehe, akamwandikia kumkanya: waliomtangulia walitofautiana wasitengane. Mkatoliki anaona hapo kwamba Roma ilijiona ina uwezo huo. Mworthodoksi anaona kwamba maaskofu walithubutu kuikanya. Wote wawili wamesoma vizuri. Na tarehe yenyewe haijapatana hadi leo: 2025 Pasaka iliangukia siku moja kwa wote kwa hesabu tu za kalenda, na itaangukia tena 2028.

La kwenu lenye kidonda ni la 1896, Papa Leo XIII alipotamka kwamba daraja za Kianglikana, yaani upadre na uaskofu wenu, ni batili. Halijafutwa. Litaje, kisha utaje pete: tarehe 24 Machi 1966 Paulo VI alivua pete yake ya kiaskofu akampa Askofu Mkuu Michael Ramsey wa Canterbury, na warithi wa Ramsey wameivaa wakienda kumwona Papa. Pete ya askofu haipewi mtu usiyemhesabu kuwa chochote. Sheria inasema lile, mkono umefanya hili, na mimi sioni haja ya kuvilazimisha vipatane.

Paulo VI huyo huyo alikiri mwaka 1967 kwamba Papa ndiye kikwazo kikubwa zaidi katika njia ya umoja. Yohane Paulo II, katika waraka wake Ut Unum Sint wa Mei 1995, akaenda mbele: aliwaomba viongozi na wanateolojia wa makanisa mengine wamsaidie kutafuta namna ya kuitumikia nafasi hiyo bila kuacha kiini chake. Majibu yaliyokusanyika yalichapishwa Roma Juni 2024. Ukiweza kusoma kimoja tu kabla ya siku yako, soma waraka wa 1995.

Na ibada yenyewe: msipange komunyo ya pamoja, kasisi na padre watakwama nyote mkiwa mmesimama. Pangeni Kanuni ya Imani ya Nisea. Kama Waorthodoksi watakuwapo, chapeni ile isiyo na "na Mwana" baada ya "atokaye kwa Baba", maneno ambayo wao hawayasemi. Makanisa ya Mashariki yaliyo chini ya Papa yanaruhusiwa kuisali hivyo, kwa hiyo hakuna Mkatoliki atakayekuwa na sababu ya kununa. Nakala chapeni nyingi. Wetu hawaji na miwani.

Wasalimie wote.

Ni mimi, somo wako