Korona si mashine ya kuvunia mkonge

Mhariri,

Picha za kale za mashamba ya mkonge ya Tanga na Pangani zinachapishwa sana siku hizi, na karibu kila penye mtambo mkubwa maelezo husema "mashine ya kuvunia mkonge". Mashine hiyo haimo pichani. Mkonge ulivunwa kwa kisu enzi za Mjerumani, ukavunwa kwa kisu enzi za Mwingereza, na leo bado mkataji huingia shambani na kisu. Mtambo ule ni korona, nayo hutoa singa, yaani nyuzi, kwenye jani ambalo tayari limevunwa.

Mkataji huanza na majani ya chini. Hukata karibu na shina, huondoa mwiba wa ncha, hufunga matita ya majani 30 na kuyapanga kando ya njia. Juu hubakiza majani yapatayo 20. Akizidisha, mmea hudhoofu na mkato unaofuata hutoa majani mafupi. Utomvu nao huwasha ngozi vibaya, jambo ambalo kamera haikuweza kulinasa.

Baada ya hapo ni mbio. Jani likilala siku mbili hivi bila kupelekwa kiwandani huanza kukauka, nyama yake hung'ang'ania na singa hutoka na madoa. Ndiyo maana ya ile reli ndogo na matroli yanayoonekana katika picha nyingi. Mzigo wenyewe ni mzito kwa faida ndogo: kilo 100 za majani hutoa singa kavu kilo 3 hadi 5 tu.

Kwenye korona majani hulishwa kwa ubavu, yakabanwa katikati. Gurudumu pana la kwanza, lenye visu butu, hukwangua upande mmoja. Mshiko huhama, na gurudumu la pili humalizia upande uliobaki, maji yakimwagika muda wote. Wakilisha majani mengi mno, singa hutoka na nyama. Visu vikikazwa mno, singa hukatika. Kisha huanikwa juani, hupigwa brashi na kufungwa marobota.

Mhariri, tazama pia magurudumu hayo pichani. Bamba za kupigia picha za wakati ule zilitaka mwanga mwingi, na bandani mna kivuli. Visu vikionekana wazi kiasi cha kuhesabika, yaelekea mashine ilizimwa na watu wakaambiwa wasimame. Maelezo yasiseme "wakiwa kazini".

Na miaka ichunguzwe. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alileta mkonge nchini mwaka 1893, na miche iliyopona inatajwa kuwa 62 tu. Mkato wa kwanza husubiri kama miaka mitatu. "Mavuno ya mkonge, 1890" haiwezekani hata kidogo.

Tunaomba chini ya kila picha iandikwe hatua ya kazi inayoonekana (kukata, kusomba, korona au kuanika), jina la mpiga picha na namba ya hifadhi. Picha za Walther Dobbertin, aliyepiga picha nchini tangu 1906, zina namba zake katika Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Kunakili namba hiyo hakuchukui hata mstari mmoja wa gazeti. Na mkataji akiwa pichani, aitwe mkataji. "Wenyeji" si kazi.

Wadau wa mkonge,
Muheza, Tanga