Asante, sajini mstaafu uliyetusomea kisanduku cha 27

Hukutaka jina lako litajwe, basi halitatajwa. Ila asante lazima isikike.

Kijana wetu alitoka Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, akataka kurudi, akaambiwa haiwezekani. Wewe uliuliza kwanza: "Ana nakala gani ya DD-214?", yaani cheti cha kuachishwa jeshini. Alikuwa na ile fupi, isiyoonyesha sababu ya kuachishwa. Ukamjazisha fomu SF-180, ya kuomba rekodi za jeshi, ikaenda St. Louis zinakotunzwa rekodi hizo, ikarudi nakala ya Member-4, ile ndefu yenye sababu. Ukaweka kidole kwenye kisanduku cha 27, chenye msimbo unaoonyesha kama mtu anaweza kuandikishwa tena: RE-3. Hiyo huombewa kibali cha msamaha. RE-4 ingekuwa habari nyingine. Kisha kisanduku cha 28, sababu yenyewe, maana ushahidi lazima uijibu hiyo. Barua za sifa hazitoshi (tulikuwa nazo rundo).

Ukatueleza pia kwamba faili la msamaha hupelekwa na ofisa uandikishaji, na kwamba DD-149, ya kusahihisha kosa kwenye rekodi, ni njia tofauti kabisa, yenye ukomo wa miaka 3 tangu kosa ligundulike.

Jibu bado tunalisubiri. Faili limekamilika, nawe hukuchukua hata senti. Wastaafu wengine mnaozijua karatasi hizi, msaidieni kijana aliye karibu nanyi kuzisoma.